Masafa ya Mwansabombwe: Saa za Angani na Siku za Ardhini

Mtu akiuliza Lusaka iko mbali kiasi gani na Dar es Salaam, hujibiwa upesi kwamba ni kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na kwamba ndege huyakata masafa hayo kwa muda wa saa mbili na dakika ishirini au thelathini. Na jibu hilo ni sahihi, wala makala haya hayakuandikwa kulipinga. Lakini muulizaji akiwa ni mtu wa Mwansabombwe, mji wa Mwata Kazembe (ndicho cheo cha mfalme wa huko) ulio katika bonde la Luapula, kusini kidogo ya Ziwa Mweru, jibu hilo halimfai kwa lolote, kwa sababu mji wake uko kilomita 1,200 tu kutoka Dar es Salaam, yaani karibu zaidi na bahari kuliko Lusaka kwa kilomita 300 nzima, na hata hivyo yeye ndiye atakayefika nyuma, ametanguliwa na abiria wa Lusaka kwa siku moja au mbili. Inambidi kwanza ashuke kusini zaidi ya kilomita 600 kwa kipimo cha angani, na elfu moja hivi kwa kipimo cha barabara, ndipo apande chombo kitakachomrudisha kaskazini na mashariki, upande ule ule aliokuwa karibu nao alipotoka kwao. Jambo hili si la maumbile ya nchi. Limefanywa na watu, kwa nyakati zijulikanazo na kwa sababu zijulikanazo, nami nataka kulifuata tangu chanzo chake.

Tuanze na hisabu, kwa kuwa ndiyo msingi. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote baina ya miji miwili juu yake ni ule mstari ambao, ukiendelezwa, ungeizunguka dunia nzima na kuigawa nusu kwa nusu. Digrii moja ya mstari huo ni kilomita 111, au maili 60 za bahari, kila maili ikiwa mita 1,852. Mwansabombwe iko karibu digrii kumi kusini ya Ikweta, na digrii ishirini na nane na robo tatu mashariki ya Greenwich. Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini, na thelathini na tisa na robo mashariki. Ukizichukua tofauti hizo mbili na kuzichanganya kwa kanuni ya pembetatu, na kukumbuka kwamba digrii za mashariki na magharibi hupungua upana kadiri unavyoiacha Ikweta, utapata digrii zisizotimia kumi na moja, nazo ndizo zile kilomita 1,200. Mstari huo ukiuchora katika ramani utaona unapita kusini kidogo ya Mbala, halafu unaingia Tanzania upande wa kusini wa Ziwa Rukwa, unaifikia Iringa karibu kuigusa, na kuiacha Morogoro upande wa kaskazini kabla ya kushuka baharini. Msomaji aijuaye historia ya nchi hizi ataona papo hapo kwamba mstari huo wa hisabu hauko mbali na njia za wafanyabiashara wa kale, na jambo hilo tutalirudia.

Muda wa kuruka, nao, hautokani na masafa peke yake. Ndege kubwa ya jeti ikiwa juu, penye hewa nyembamba, hukimbia kilomita 800 au 850 kwa saa. Lakini hiyo ni kasi ya katikati ya safari. Kabla yake kuna kutambaa uwanjani hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kuna kupanda kwa dakika ishirini hivi ambazo ndege haijapata kasi yake yote, na baadaye kuna kuteremka, kupunguza mwendo, na pengine kuzunguka kungojea zamu ya kutua. Aghalabu nusu saa huongezwa kwa ajili ya mambo hayo, na nyongeza hiyo ni ile ile kwa safari fupi na kwa safari ndefu, ndiyo maana kilomita za safari fupi huwa ghali kwa muda kuliko kilomita za safari ndefu. Chukua kilomita 1,500 za Lusaka na Dar es Salaam, zigawe kwa 800, ongeza nusu saa, na utapata saa mbili na dakika ishirini na kitu, sawa kabisa na ratiba. Laiti pangekuwa na ndege ya kutoka Mwansabombwe moja kwa moja, kwa hisabu hiyo hiyo ingechukua saa mbili. Na kama ni ndege ndogo ya mapanga, yenye kasi ya kilomita 500 kwa saa, isingezidi saa tatu. Pepo za juu katika latitudo hizi si kali kama zile za kaskazini ya dunia, zinazoweza kumchelewesha msafiri kwa saa nzima. Huku kwetu hesabu yake ni dakika.

Iko tofauti nyingine ambayo humtatiza asiyeizoea. Zambia huenda na saa iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili, na Tanzania kwa saa tatu. Basi anayeruka kwenda mashariki huona kwa saa ya ukutani kwamba safari imechukua saa tatu na nusu, na anayerudi huona imechukua saa moja na nusu, ilhali angani alikaa muda ule ule. Lakini jua halifuati sheria za serikali. Dunia huzunguka digrii kumi na tano kwa saa moja, na kutoka Dar es Salaam hadi Mwansabombwe ni digrii kumi na nusu, kwa hivyo adhuhuri ya kweli hufika kwa Mwata Kazembe dakika 42 baada ya kufika pwani. Dakika kumi na nane zilizobaki ni za mkataba wa wanadamu tu. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo lililokuwa ufunguo wa elimu yote ya masafa kabla ya vyombo vya sasa, kwani mtu aliyeweza kujua tofauti ya adhuhuri baina ya mahali pawili aliweza kujua umbali wake wa mashariki na magharibi hata kama katikati pana msitu asioweza kuupima kwa kamba.

Na mtu wa namna hiyo alifika kwa Kazembe zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Francisco José de Lacerda e Almeida, mzaliwa wa São Paulo nchini Brazili, aliyesoma hisabati na falaki katika chuo cha Coimbra, alitoka Tete, mji wa Wareno katika mto Zambezi, mwezi wa Julai 1798, akiwa na nia ya kutafuta njia ya kuziunganisha nchi za Msumbiji na Angola. Njiani alikuwa akitazama nyota na kuandika digrii za kila kituo. Aliwasili katika nchi ya Kazembe wa tatu, Lukwesa Ilunga, mwanzo wa Oktoba, amekwisha vunjwa na homa, na tarehe 18 ya mwezi huo akafa, hata heshima ya kupokewa barazani na mfalme hakuipata. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Tete hadi hapo ni kilomita 880. Alizitumia miezi mitatu, yaani kilomita kumi kwa siku, na siku hizi ndege ingezimaliza kwa saa moja na nusu. Jambo linalonigusa mimi ni kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kuuweka mji huo katika ramani kwa hesabu ya nyota badala ya uvumi, na kwamba ujuzi wake ulifika salama kuliko mwili wake: daftari lake lilihifadhiwa, na mnamo 1873 likachapishwa London kwa Kiingereza, miaka 75 baada ya kifo chake.

Wengine waliofuata wanatufundisha jambo ambalo mwanahisabati huyo hakulipima. Pedro João Baptista na Amaro José, wafanyabiashara weusi waliotumwa na Wareno wa Angola, waliondoka Kasanje mwaka 1802 na kuingia Tete mwanzoni mwa 1811. Zaidi ya miaka minane, kwa masafa ambayo kwa mstari ulionyooka hayafiki hata kilomita 1,900! Lakini ukiisoma habari yao, utaona kwamba hawakutembea miaka yote minane. Karibu minne yake waliikaa kwa Kazembe wakisubiri, kwa sababu njia ya kwenda Tete ilikuwa imefungwa kwa vita na kwa kukosa idhini ya kupita. Gamitto na Monteiro, maofisa wa Kireno waliotoka Tete mwezi wa Juni 1831, walifika kwa Kazembe mwezi wa Novemba, miezi miwili zaidi ya Lacerda kwa njia karibu ile ile. Basi yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani muda wa kwenda na muda wa kungoja. Na katika historia yote ya safari za bonde hili, muda wa kungoja ndio uliokuwa mkubwa.

Kwa upande wa pwani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Katika karne ya kumi na tisa, nchi ya Kazembe ilijulikana Zanzibar kama inavyojulikana Ndola leo. Pembe na shaba zilitoka huko, na kwa huzuni yapasa kusema kwamba watumwa pia walitoka huko, wakitembezwa hadi bahari pamoja na mizigo. Said bin Habib, Mwarabu wa Zanzibar, alipita katika nchi hizo akavuka hadi Luanda katika bahari ya magharibi na kurudi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Itawa, nchi iliyo baina ya Mweru na Tanganyika, mwaka 1867, na kitabu cha maisha yake, alichokiandika mwenyewe kwa Kiswahili, hakina kilomita wala maili bali hesabu ya siku, miezi na mali. Livingstone alipofika Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na baadaye mwezi huo huo katika makao ya Kazembe wa saba, Muonga Sunkutu, karibu na ziwa dogo la Mofwe ambalo makao hayo yalihamahama kando yake, alimkuta hapo Mwarabu aitwaye Muhammad bin Salih, ambaye alikuwa amekaa huko miaka mingi. Livingstone mwenyewe alikuwa ameshuka pwani ya kusini, upande wa Mikindani na Ruvuma, mwezi wa Machi 1866.

Ni vema tuitazame kwa karibu siku moja ya msafara, ili tuelewe kilomita kumi zilitoka wapi. Ngoma ilipigwa alfajiri, kabla jua halijapata nguvu. Kirangozi akatangulia na bendera, na nyuma yake wapagazi kwa mstari mmoja, kwa kuwa njia ilikuwa upana wa mguu, kila mmoja amebeba frasila mbili, karibu kilo 32, za ushanga, kaniki na merikani wakati wa kwenda, na za pembe wakati wa kurudi. Kabla ya adhuhuri walisimama, wakajenga kambi, wakatafuta maji na kuni na unga. Kwa mwendo huo waliweza kufika hata kilomita kumi na tano au ishirini. Lakini kulikuwa na siku ya kulipa hongo kwa mkuu wa nchi, siku ya mvua iliyojaza mto, siku za kununua chakula cha kuvuka pori, na siku za wagonjwa. Na ukigawa kilomita zote kwa siku zote, hiyo ya kumi ndiyo inayobaki. Zaidi ya hayo, mzigo ukifika Bagamoyo au Kilwa safari haikuwa imekwisha, kwa kuwa majahazi ya Maskati na Uhindi yalifuata pepo, yakija kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na aliyefika pwani baada ya kusi kwisha alingoja mwaka wa pili.

Safari iliyo dhahiri kuliko zote kwa hoja yangu ni ile ya Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone. Livingstone alifariki kwa Chitambo, kusini ya ziwa Bangweulu, tarehe 1 Mei 1873, na watu wake wakauchukua mwili wake hadi Bagamoyo, walikofika mwezi wa Februari 1874. Kutoka hapo alipofia hadi Bagamoyo ni kilomita 1,150 kwa mstari. Wao walitembea zaidi ya 1,600, na miezi tisa ikapita. Kisha mwili ukatiwa merikebuni Zanzibar, ukapitia Aden na mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey. Masafa ya bahari hayo, yapitayo kilomita 10,000, yalikatwa kwa miezi miwili tu. Hapo ndipo mgawanyiko ninaouzungumzia ulipoanza kuonekana waziwazi: mvuke uliifupisha bahari mara nyingi, na bara ikabaki vile vile. Tangu siku hizo kila chombo kipya kimerudia jambo hilo hilo, kikiifupisha njia baina ya vituo vyake na kuyaacha yaliyo nje ya vituo hivyo yawe, kwa kulinganisha, mbali zaidi ya zamani.

Reli ndiyo iliyougeuza mji wa Kazembe mgongo kwa bahari yake ya asili. Mwaka 1894 Waingereza na Wabelgiji walipatana mpaka upite katika Luapula na Ziwa Mweru, ukaligawa ziwa moja na watu wa kabila moja kati ya dola mbili. Na reli iliyotoka Rasi ya Kusini ikafika Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, mwaka 1906, ikaendelea hadi mpaka wa Kongo 1909 kwa sababu ya shaba. Tangu hapo biashara yote ikashuka kusini. Njia za mashariki zikaota nyasi, na mji ambao kwa karne nzima ulikuwa katikati ya njia ya kutoka Atlantiki hadi Bahari ya Hindi ukawa mwisho wa barabara. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa 1976, ilirudisha upande wa bahari kwa Zambia, nayo ni kazi ya kustahiwa. Lakini ilipita Kasama na Mpika, kilomita 270 na zaidi mashariki ya Mwansabombwe.

Ndege nazo zilikuja kwa tabia hiyo hiyo. Mnamo Februari 1920 van Ryneveld na Brand, maofisa wa Afrika ya Kusini, waliruka kutoka Uingereza, wakapitia Abercorn, ambayo ndiyo Mbala ya leo, na Ndola na Broken Hill, hadi wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Muda wao wa kuwa angani ulihesabiwa saa 109 na nusu, chini ya siku tano. Muda wa safari ulikuwa siku 45, na ndege mbili zilivunjika njiani. Sijui mfano mwingine ulio bora kuliko huo wa tofauti baina ya kuruka na kusafiri. Imperial Airways ilipoanza safari za London hadi Cape Town mwaka 1932, ndege zilitua Mbeya, Mpika na Broken Hill kutia mafuta, kwa kuwa hazikuweza kwenda mbali bila kushuka, na wakati huo mji mdogo wa Mpika, kilomita mia nne hivi kutoka kwa Kazembe, ulikuwa katika orodha ya vituo vya dunia. Kisha ndege zikakua, zikapata uwezo wa kuruka kilomita elfu nyingi kwa mafuta ya mara moja, na vituo vile vyote vikarukwa. Maendeleo yaliyomsogeza mtu wa London karibu na Johannesburg ndiyo yaliyomwondolea mtu wa Mpika kituo chake.

Hata siasa huingia katika muda wa ndege. Alasiri ya tarehe 17 Septemba 1961 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitoka Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, kwenda Ndola kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga. Kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,750 tu. Lakini kwa kuogopa ndege ya kivita ya Katanga, rubani alielekea kwanza mashariki hadi Ziwa Tanganyika, akalifuata kusini, kisha akageukia Ndola, na baada ya zaidi ya saa sita angani ndege ikaanguka karibu na mji huo, wote wakafa. Anga inayoonekana wazi na tupu kwa mtu aliyesimama ufukoni mwa Mweru ina mipaka, hofu na idhini kama zilivyokuwa njia za wapagazi.

Sasa tuje kwa msafiri wa leo. Kashikishi, kando ya Nchelenge, basi la Lusaka huanza kujazwa magunia ya samaki wakavu na dagaa, waitwao huko chisense, kabla abiria hawajaketi. Makondakta hupanga mizigo tumboni mwa basi na juu yake, akina mama wafanyabiashara husimama kuhesabu magunia yao, kwa sababu gunia likikosekana Lusaka ni hasara ya mwezi, na injini huwashwa na kuzimwa hadi viti vijae. Barabara hupita Mwansabombwe, ikashuka Mansa, ikavuka vinamasi vya Luapula kwa daraja lililojengwa miaka ya themanini karibu na Samfya, ikakutana na barabara kuu ya Tanzania karibu na Serenje, kisha ikageuka kusini magharibi kupitia Kapiri Mposhi na Kabwe. Hiyo ni takriban kilomita elfu moja, na saa kumi na nne au zaidi za kukaa kitini. Iko njia fupi zaidi, ya kupita ncha ya Kongo baina ya Chembe, penye daraja lililofunguliwa 2008, na Mufulira. Hupunguza takriban kilomita 200, lakini humtaka Mzambia atoke nchi yake na kuirudia ndani ya muda wa saa chache, akipita vituo vinne vya mpaka, viwili vya kutoka na viwili vya kuingia. Tena, mwishoni mwa mwaka 2016, mabasi ya abiria nchini Zambia yalikatazwa kutembea kati ya saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu ya ajali nyingi zilizoua watu. Sheria hiyo ni ya haki, nami naiunga mkono, lakini ni lazima iingizwe katika hesabu, kwa kuwa safari ya saa kumi na nne isiyoanza mapema hulala njiani.

Baada ya hayo huja usiku mmoja Lusaka, saa mbili au tatu za kufika uwanjani kabla ya ndege, saa mbili na nusu za kuruka, na saa moja ya forodha na msongamano wa Dar es Salaam. Katika siku mbili hizo, ndege imechukua takriban sehemu moja ya ishirini. Hiyo ndiyo sehemu ambayo makampuni hutangaza, na ndiyo iliyofupishwa kwa mali nyingi tangu 1920. Zile kumi na tisa nyingine hazina tangazo wala mshindani.

Wako wanaodhani dawa ni kiwanja cha karibu, na hapo pia yafaa kutazama kwa makini, kwa kuwa ukaribu wa kiwanja si ukaribu wa safari. Mansa, kilomita 155 kwa mstari, ina kiwanja, lakini ndege za abiria zimekuwa zikija na kukatika, hasa baada ya Zambia Airways ya zamani kufilisiwa mwaka 1994. Lubumbashi iko kilomita 250 tu, karibu kuliko Ndola na Lusaka zote mbili, na watu wa ng'ambo ya Luapula, huko Kasenga na Kilwa ya Kongo, huenda huko wakizungumza Kiswahili. Lakini mto ni mpaka wa dola, na viza na ukaguzi humfanya Mzambia aione Lubumbashi mbali kuliko Lusaka. Ndola, kilomita 355, ina uwanja mpya wa kimataifa wenye jina la Simon Mwansa Kapwepwe, na ndege za Ethiopia hutua hapo. Lakini anayetaka kwenda Dar es Salaam kwa njia hiyo hupelekwa kwanza Addis Ababa, kilomita 2,700 kaskazini, kisha hurudishwa kusini kilomita 1,760. Ataruka zaidi ya kilomita 4,400 ili aufikie mji ulio kilomita 1,350 kutoka alipoanzia. Makampuni ya ndege hayawezi kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa abiria hukusanywa palipo na abiria. Lakini serikali hazina udhuru wa kuendelea kupima maendeleo ya mikoa kwa idadi ya viwanja.

Mimi naona njia iliyo bora ni ile ambayo mstari wetu wa hisabu uliionyesha tangu mwanzo, na ambayo miguu ya wapagazi ilikuwa imekwisha ionyesha. Kutoka Mwansabombwe kupanda Kawambwa, kisha Mporokoso, kisha Kasama, msafiri huwa anaelekea mashariki kwa kila kilomita aendayo, bila kurudi nyuma hata moja. Kasama kuna reli ya TAZARA, ambayo ratiba yake ya kuifikia Dar es Salaam haifiki siku mbili, ingawa ratiba hiyo imevunjwa mara nyingi. Na kutoka Kasama barabara hufika Nakonde na Tunduma, ambapo msafiri huongeza saa moja katika saa yake ya mkononi, na mbele kidogo, kabla ya Mbeya, uko uwanja wa Songwe, kilomita 500 tu kwa mstari kutoka kwa Kazembe na kilomita 690 kutoka Dar es Salaam, yaani mruko wa saa moja na robo. Barabara ya Kawambwa hadi Mporokoso ikipitika majira yote ya mvua, mpaka wa Tunduma ukimaliza kazi ya abiria wa basi kwa saa moja badala ya nusu siku, na basi moja likawekewa wakati unaolingana na ndege ya Songwe, mtu atakayeondoka Mwansabombwe alfajiri anaweza kulala Kasama na kuwa Dar es Salaam kesho yake usiku, kwa nauli ndogo kuliko ile ya kuzunguka Lusaka. Hakuna kiwanja kipya kinachohitajika katika hesabu hiyo, wala ndege mpya. Yanahitajika madaraja, lami, na makarani wa mpaka wa kutosha, na hayo ndiyo ningependa serikali za Lusaka na Dodoma ziyaweke mbele ya kila mpango mwingine wa usafiri wa Luapula.